Mgomo wa Fundi Koki

Ijumaa ile fundi bomba ambaye mtaa mzima ulimwita Koki alivaa kanzu yake nyeupe kuliko zote, akajipaka manukato nyuma ya masikio, kisha akasimama mbele ya kioo na kufanya mazoezi ya uso. Ndiyo, ya uso. Alikuwa anautafuta uso wa mtu anayesifiwa hadharani bila kutegemea: macho chini kidogo, tabasamu la haya, mkono wa kulia kifuani. Aliurudiarudia mpaka mkewe akachungulia mlangoni na kumuuliza kama kuna jino linamsumbua.

Sababu ilikuwepo. Msikiti wa mtaa ulikuwa umemaliza kukarabatiwa, na imamu alikuwa ametangaza kwamba baada ya swala atawashukuru kwa majina watu wote walioutumikia. Na kama kuna mtu aliyeutumikia msikiti ule, basi ni Koki. Mabomba yote ya mahali pa kutawadhia yalikuwa yamepita mikononi mwake. Kila Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, watu wakishatawanyika, yeye alibaki na spana yake, akakaza hapa, akabadilisha mpira pale, akapangusa mikono na kuondoka. Hakuwahi kudai chochote. Aliyemkuta na kumuuliza alijibiwa, "Nafanya kwa ajili ya Mungu tu."

Na alikuwa anasema kweli, tusimsingizie. Alifanya kwa ajili ya Mungu. Ila moyoni, kwenye kona asiyopenda kuifagia, alikuwa na ombi dogo kwamba Mungu naye, akipenda, awajulishe watu. Alikuwa amefundishwa utotoni kwamba mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Koki alilishika fundisho hilo vizuri mno, mpaka si mkono wa kushoto tu uliokosa habari, bali na kamati nzima ya msikiti.

Swala ikaisha. Imamu akashika kipaza sauti. Akamshukuru mwenye duka la magodoro kwa zulia jipya, na Koki akaanza kuuandaa uso. Akamshukuru aliyeleta feni. Akawashukuru waliopaka rangi, waliobeba mchanga, na kina mama waliopika. Akamshukuru jirani aliyeazimisha ngazi, na ngazi yenyewe ikasifiwa kuwa ilikuwa imara. Kila jina jipya lilipoanza, Koki alishusha macho, na kila lilipomalizika akayapandisha tena. Kisha imamu akasema, "Basi ndugu zangu, tutawanyike kwa amani," na Koki akabaki pale na mkono kifuani, kama mtu aliyeshikwa na kiungulia.

Alifika nyumbani anafoka tangu nje ya mlango.

"Ngazi, mama watoto! Ngazi imeshukuriwa! Mimi hata jina sikusikia!"

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Kutwa nzima aliwafundisha watoto wa watu kusema ahsante wanapopewa biskuti, halafu jioni alirudi nyumbani kwa mwanafunzi aliyeshindikana. Alitandika mkeka, akapakua wali, akaleta mchuzi na maji ya kunawa. Koki akakaa, akala kwa hasira, na hasira ilimpa hamu nzuri sana ya kula.

"Watu hawana dini," akasema mdomo umejaa. "Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema wazi: asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu!"

"Rudia hapo," mkewe akasema.

"Asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu!"

"Eh. Hadithi nzito. Nikuongeze mchuzi?"

"Lete."

Akaongezewa. Akaimaliza sahani, akajifuta mdomo, akayainua macho juu na kusema kwa sauti nene, "Alhamdulillahi." Mkewe naye akayainua macho, akalichunguza dari kwa makini, kama mtu anayetafuta kama huko juu kuna mpishi.

Tumtendee haki Koki hapa pia. Katika kumshukuru Mola wake hakuwa mvivu. Alishukuru akiamka, akipiga chafya, akinywa maji, akipanda ngazi na kushuka. Nati iliyoshika kutu ikilegea, alishukuru. Lakini shukrani zake zote zilipanda wima kama moshi, hata moja haikupinda kando kumfikia aliyekaa naye. Sahani ilikuja, kanzu ilikuja, chai ilikuja, na yeye akaangalia juu.

"Nimeamua," akatangaza akinawa. "Nagoma. Mabomba yale siyagusi tena mpaka nishukuriwe kwa spika, kama ngazi."

Mkewe akakusanya vyombo polepole. Macho yake yalikuwa yamepata ule mng'ao ambao wanafunzi wake waliujua na kuuogopa.

"Baba watoto, una haki," akasema. "Kazi isiyo na ahsante mtu ataifanyaje? Mgomo wako ni mgomo wangu. Nami nakuunga mkono kuanzia kesho asubuhi."

Koki akafurahi. Akamwona mkewe ni mwanamke mwenye msimamo. Akalala usingizi mzuri, na akashukuru kabla ya kulala, wima.

Asubuhi aliamka akakuta jiko limenuna. Hakuna chai. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha barazani, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi, anasoma.

"Chai iko wapi?"

"Yangu hii hapa. Yako sijui, ulisema unagoma."

"Mimi nimegoma msikitini!"

"Na mimi nimekuunga mkono nikiwa hapa. Ningegomea wapi, barabarani?"

Koki akaingia jikoni kwake mwenyewe kama mgeni aliyepotea. Akafungua kopo, akakuta chumvi. Akafungua jingine, sabuni ya unga. Akaona aibu, akauliza kwa sauti ya chini sukari inakaa wapi. "Kopo la bluu," mkewe akajibu bila kuinua kichwa. "Nimegoma kazi, sijagoma kuongea." Ile chai ilitoka na rangi ya maji ya mfereji, lakini aliinywa, na baada ya kuinywa hakuangalia juu kwa muda mrefu sana.

Siku zikaenda hivyo. Koki alijifunza kwamba mayai huungua haraka kuliko mtu anavyodhani, na kwamba soksi hazirudi kabatini kwa miguu yao. Alijifunza pia kwamba mke aliyegoma ana furaha ya kuudhi. Mkewe aliimba. Alitembelea majirani. Jioni alipika sahani moja, akaila, akajiambia kwa sauti, "Ahsante mpishi," kisha akajijibu, "Karibu mpendwa." Koki aliyasikia hayo akiwa anakwangua sufuria, na akajifanya hakusikia.

Siku moja, hata hivyo, mzaha ulikatika. Mkewe alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni, na usoni hakuwa na utani wowote.

"Binti yako amepiga simu. Anataka nikakae kwake. Si wiki, anataka nihamie. Anasema wajukuu wananihitaji, na anasema kule nitaheshimika."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia nitafikiria. Basi la kwenda kwake linaondoka Jumamosi. Baba watoto, mimi nimechoka. Sikuchoka na kazi. Nimechoka kufanya kazi kama sipo."

Akaondoka. Koki akabaki na sufuria mkononi. Alitaka kusema kitu, na neno lenyewe alilijua, fupi tu, hata mtoto wa chekechea analitamka. Lakini halikutoka. Hakuwahi kulisema kwa mkewe tangu amuoe, na neno lisilotumika nalo hushika kutu. Aliogopa. Kwa mara ya kwanza aliifikiria nyumba ile bila yule mwanamke.

Kwa kuwa alishindwa kusema, akaamua kutenda. Akachukua kanzu yake nyeupe aende kuifua mwenyewe, aonyeshe kwamba ameelewa. Nia ilikuwa njema. Bahati mbaya aliitumbukiza kwenye beseni moja na ovaroli lake la kazi, jipya, la bluu.

Alhamisi alasiri imamu alipobisha hodi, alimkuta Koki uani ameikunja kanzu mikononi, akiikamua, na maji yanayotoka ni ya bluu. Imamu alikuwa mtu wa makamo, mgeni kiasi pale mtaani, mwenye ndevu chache na haya nyingi. Pindo la kanzu yake lilikuwa limelowa hadi magotini.

"Assalaam alaykum, fundi."

"Wa alaykumu salaam," Koki akajibu, na moyoni akasema, saa yangu imefika. Hotuba alikuwa nayo tayari. Ilianza na ngazi.

"Koki moja imepasuka kule," imamu akasema. "Maji yanaelekea kwenye zulia. Nimeulizia fundi, waliowahi kukukuta kazini wananiambia kamtafute Koki, ndiye anayeyatengeneza mabomba ya msikiti. Nikawashangaa. Kuyatengeneza vipi, na hayajawahi kuharibika?"

Koki akasahau ngazi. "Hayajawahi kuharibika?"

"Tangu nije hapa, wallahi, sijaona hata moja linadondosha tone. Mimi nilidhani msikiti ulinunua mabomba mazuri."

Koki alifungua mdomo ili amtolee uvivu. Akaangalia kanzu mikononi mwake, iliyokuwa na rangi ya bomba la plastiki. Miaka yote ile yeye naye aliamini kwamba alinunua kanzu nzuri. Aliamini kuna aina ya kitambaa kisichoshika uchafu wala kukunjamana. Aliwahi hata kumsifia muuzaji wake, mbele ya mkewe, akamwombea dua.

"Astaghfirullah," akanong'ona.

"Kuna nini?" imamu akauliza kwa wasiwasi.

"Hakuna. Twende, zulia litalowa."

Alifanya kazi haraka kuliko siku zote, amepiga magoti kwenye maji, huku imamu akimshikia ndoo. Imamu akamwomba radhi mara nyingi, akasema aliwataja aliowaona, na kesho atalirekebisha jambo hilo mbele ya watu. Hapo Koki alipaswa kusema hakuna haja, kazi ni kwa ajili ya Mungu. Alijitahidi. Lakini alikuwa bado binadamu.

"Kama utaona inafaa," akasema akikaza nati. Halafu akaongeza, "Ile spika ya nje nayo iwe imewashwa."

Kesho yake hapakuwa na kanzu nyeupe, nyingine zote zilikuwa chafu. Koki aliingia msikitini amevaa ya bluu, ya bluu isiyolingana, bega limekolea na tumbo limepauka. Watu walisogezana viwiko. Safari hii hakuandaa uso wowote. Imamu akamtaja, akaeleza mabomba yasiyovuja ni kazi ya nani, akamwombea dua, na watu wote wakaitikia amina. Ndilo neno lile alilolisubiri muda wote. Akalisikiliza likipita, na akashangaa lilivyo jepesi. Kisha akainuka, akaenda mbele, na kabla imamu hajajua afanye nini, akawa ameshika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti yake ikatoka nje, ikapanda juu ya mapaa. "Nimeshukuriwa, alhamdulillahi. Lakini kanzu hii mnaiona."

Waliiona. Mtu wa nyuma akakohoa kuficha kicheko.

"Hii ndiyo kanzu yangu mimi. Zile nyeupe mlizozoea hazikuwa zangu, zilikuwa za mke wangu. Mimi nilikuwa nazibeba tu. Nimewakasirikia nyinyi wiki nzima kwa kutonishukuru, na mimi nina mtu nyumbani ambaye sijamshukuru tangu nimuoe. Basi namshukuru hapa. Mama watoto, kama unasikia, nakushukuru."

Watu wakaguswa. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akashtuka na kupiga takbira, wengine wakamwitikia. Waume kadhaa walionekana wakizikagua kanzu zao. Koki akatoka mlangoni anatembea kwa madaha, kwa sababu alijua kazi imekwisha. Mwanamke gani angepanda basi baada ya kusifiwa na spika mbili?

Alimkuta mkewe jikoni. Juu ya meza kulikuwa na chai, chai ya kweli, inatoa moshi. Koki akatabasamu mpaka masikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Jirani wa kulia amesikia, wa kushoto amesikia, muuza mkaa amenipigia makofi akipita. Hongera."

"Basi yamekwisha."

"Yamekwishaje? Umewaambia wao kwamba unanishukuru. Mimi nilikuwa hapa dirishani nasikiliza mazungumzo ya watu." Akajifuta mikono, akamgeukia. "Sasa hapa hakuna imamu wala spika. Ni mimi na wewe. Niambie mimi."

Koki akasimama katikati ya jikoni na kanzu yake ya bluu. Mbele ya msikiti mzima hakuogopa, lakini sasa aliogopa. Kwa mazoea macho yakaanza kupanda juu.

"Alhamdu..."

"Usiangalie juu. Huko unafika kila siku, na Mwenyewe ameshakusikia. Mimi niko huku chini."

Akayashusha. Akamwangalia mkewe, na akagundua kwamba ni siku nyingi hajamwangalia hivyo. Mvi zilikuwa zimeingia pembeni mwa paji la uso, na mikono ilikuwa imekakamaa vidoleni.

"Ahsante," akasema. Lilitoka limekwaruza, lakini lilitoka.

"Kwa?"

"Kwa chai."

"Hiyo ni ya leo," mkewe akasema. Akamsogezea kiti kwa mguu. "Kaa. Anza mwanzo."

Koki akakaa. Akaanza mwanzo. Akamshukuru kwa kile chumba chao cha kwanza, kilichovuja hata yeye fundi akashindwa kukiziba, na mkewe akapanga mabeseni bila kulalamika. Akamshukuru kwa kila mtoto na kwa kila usiku wa homa. Akamshukuru kwa siku alizosema ameshiba ili sahani moja itoshe, na mkewe akashtuka, kwa sababu alidhani mumewe hakujua. Akaendelea, neno sasa linateleza, akafika kwenye nyumba hii, kwenye harusi ya binti, na chai ikapoa.

"Umeruka," mkewe akasema taratibu. "Kabla ya harusi."

Koki akakisogeza kikombe kando. Kabla ya harusi aliangukia kwenye shimo la bomba kazini, akavunjika nyonga. Mkewe alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani kama mtoto mchanga, asubuhi akaenda kufundisha, jioni akarudi kumgeuza tena. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, hata siku moja.

"Sikuruka," akasema. "Ile nikiianza nitalia. Na nimeiweka akiba ya mwisho, labda kesho nikusindikize kituoni, nikuombe usipande."

"Kituoni kufanya nini? Binti nilimpigia simu asubuhi. Nikamwambia wajukuu waje wao huku, siendi popote."

"Asubuhi?" Koki akamkazia macho. "Asubuhi kabla ya swala?"

"Kabla ya swala."

"Kabla sijasema neno lolote?"

"Alfajiri nilikusikia jikoni unapapasa makopo gizani, hukuwasha taa usije ukaniamsha. Nikasema, huyu mtu anajaribu." Mkewe akatazama pembeni, na sauti yake ikapungua. "Basi hivyo. Ulikuwa hudaiwi kitu. Ukitaka kuishia hapo, ishia."

Koki alitazama ile mikono mezani. Hakukuwa tena na safari ya kuzuia wala mgomo wa kuvunja. Akaishika mikono ile kwa mikono yake, akaanza kusimulia siku aliyoletwa nyumbani kwa machela, na hakufika mbali kabla machozi hayajamshinda.